Vijiti Sita vya Waridi

Watu wakipita hapa Msamala, Songea, na kuona waridi lilivyofunika kibaraza changu na nusu ya paa, husema, "Mama, wewe una roho nzuri, unapenda maua." Nawaitikia asanteni. Ukweli ni kwamba sikulipanda kwa kupenda maua. Nililipanda kwa hasira. Kupenda kulikuja baadaye, na hakukuja haraka.

Mume wangu alifariki miaka ile ruksa ya biashara huria ilipoingia mpaka vichochoroni, duka la ushirika likafa na kila mwenye dirisha la barabarani akafungua genge. Nyumba hii tuliijenga wote wawili. Yeye alifyatua matofali jioni akitoka kazini, mimi nilichota maji ya kukandia udongo, na tanuri tulilichoma pamoja, tukikohoa moshi na kucheka. Tuliishi humu miaka kumi na mmoja. Mungu hakutujalia mtoto. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndugu zake walilitaja mapema zaidi, jeneza likiwa bado sebuleni.

Siku ya arobaini ukafanyika kikao cha ukoo. Kilifanyika uani kwangu, kwenye viti vyangu, wakinywa togwa yangu. Alikuwepo mama mkwe wangu, walikuwepo mawifi wawili, alikuwepo shemeji yangu, yaani mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye aliyejifanya kichwa cha ukoo, na balozi wetu wa nyumba kumi aliyeitwa kuwa shahidi. Kwanza wakagawana nguo za marehemu, ndivyo desturi. Suti ikaenda, mashati yakaenda, viatu vikajaribiwa mbele yangu. Mimi wakaniachia sweta moja lililotoboka viwiko. Halafu shemeji akasimama, akakohoa kidogo kama padri anayeanza mahubiri.

"Shemeji," akaniambia, "hatukufukuzi. Sisi si watu wa namna hiyo. Kaa, ule, upumzike. Ila nyumba ni ya ukoo na kiwanja ni cha ukoo, na wewe huna mtoto hapa. Kwa hiyo panda mahindi, panda maharage, panda mboga zako. Vya kudumu usipande."

Alilisema kwa upole, lakini mtu wa huku akilisikia neno hilo moyo unamshuka. Wengi wetu viwanja vyetu havikuwa na karatasi. Kilichomfunga mtu na ardhi ni kile alichokipanda kikabaki: mwembe, mparachichi, mkahawa. Ukipanda kitu cha kudumu kwa ruhusa, mbele ya mashahidi, hapo pana kitu chako, na hakuna wa kuuza chini ya miguu yako mpaka nawe uridhike. Ndiyo maana mpangaji huambiwa siku ya kwanza kabisa: mahindi sawa, mti hapana. Mimi, niliyekanda udongo wa kuta zile, nilikuwa nimeambiwa maneno ya mpangaji.

Sikulia. Nilikuwa nimeshalia vya kutosha siku arobaini. Niliangalia tu mbele ya nyumba, palivyokuwa peupe, kuku wakichakura, nikauliza bila kufikiri, "Na maua?"

Wakacheka wote. Mama mkwe ndiye aliyecheka zaidi. "Hata maua anauliza! Panda maua yako, mwanangu, nani atakunyima maua?"

"Maua ruksa," shemeji akasema, na watu wakacheka tena kwa jinsi alivyomwigiza rais wa wakati ule.

Balozi wetu alikuwa mtu wa kuandika. Hata mbuzi akipotea aliandika. Akatoa daftari lake, akaandika kwamba mjane ameruhusiwa mazao ya msimu na maua, wakatia sahihi, shemeji wa kwanza. Wakamaliza togwa wakaondoka.

Nasema wazi sikuwa na ujanja wowote siku ile. Ujanja ulinijia kazini, siku waliponitoa.

Nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya ushirika pale mjini. Mwaka uleule, kabla ya mvua, tukaitwa wote ukumbini tukasomewa orodha ya wanaopunguzwa. Jina langu lilikuwa ukurasa wa kwanza. Siku ya mwisho kila mtu alitoka na alichoweza. Mmoja alibeba pazia, mwingine saa ya ukutani, mhasibu alitoka na kiti chake kichwani na hakuna aliyemuuliza. Mimi nilitoka na boksi lenye kikombe na kanga.

Sasa, juu ya lango la ofisi ile palikuwa na waridi la kutambaa. Lilikuwa limepanda nguzo moja, likavuka juu, likashuka nguzo ya pili, maua yake mekundu ya damu ya mzee. Nimepita chini yake miaka nenda miaka rudi bila kuinua shingo. Mlinzi wa lango, mzee wa makamo, alizoea kusema kwamba alilikuta pale alipoajiriwa akiwa kijana, kabla ya uhuru. Siku ile nikasimama na boksi langu nikaliangalia. Shina lake lilikuwa nene kama mpini wa jembe. Kabla ya uhuru! Wakubwa wamekuja wameondoka, siasa zimekuja zimegeuka, ofisi yenyewe inakufa, nalo lipo, na hakuna aliyelipanda upya hata siku moja.

Nikasikia sauti ya shemeji masikioni: maua ruksa.

Nikarudi ndani, nikachukua mkasi niliokwisha kuukabidhi. Nikakata vijiti sita, kila kimoja urefu wa shubiri moja na nusu.

"Mama, unaiba?" mlinzi akaniuliza.

"Naiba," nikamwambia. "Andika."

Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akanishikia tawi la juu nilifikie vizuri.

Vijiti vile nilivichomeka kwenye kivuli cha jiko, vimelala mshazari, udongo laini wa mtoni na samadi iliyooza, kila kimoja kikiwa kimefunikwa na chupa iliyokatwa kitako. Vinne vikaoza. Cha tano kikatoa majani matatu mazuri, mbuzi wa jirani akayamaliza asubuhi moja. Cha sita nikakilinda kama mtoto mwenye degedege. Mvua zilipokolea nikakihamishia kwenye nguzo ya pembeni ya kibaraza, shimo la kina cha mkono mzima, chini samadi ya mbuzi huyohuyo mwizi.

Na hofu nilikuwa nayo, nisijifanye jasiri. Sikuwa na mshahara tena. Nilikuwa nakaanga mandazi na kuyauza kwenye kituo cha basi. Wazazi wangu walikwisha kutangulia, na kaka yangu wa Lizaboni alikuwa na watoto saba kwenye vyumba viwili. Ukinitoa kwenye nyumba ile, sikuwa na pa kuweka hata sufuria. Kila jioni nilikuwa natoka na taa ya chemli kuangalia kama kijiti kimeongeza jicho la kuchipua.

Mtaa ulinicheka sana. Songea ni mji wa mahindi. Watu hupanda mahindi mpaka dirishani, mpaka mlango wa choo, na mwenye kuacha hatua nne za ardhi kwa ajili ya ua huonekana kichwa chake kimepata tatizo. Mbolea nayo ilikuwa imepanda bei ghafla, mahindi ya wengi yalikuwa ya njano, na mimi namwagia ua samadi!

"Jirani, leo tunakula maua?" jirani yangu wa upande wa chini alikuwa akiniuliza juu ya uzio kila siku ya Mungu.

"Wewe njoo na ugali wako tu, mboga ipo," nilimjibu.

Nilijifunza mwenyewe, kwa kukosea. Mwaka wa kwanza niliyaacha matawi yapande wima, yakakimbilia juu na kutoa maua matatu tu kileleni, utadhani yananikomoa. Mwaka wa pili nikagundua siri yake: ukililaza tawi, ukalifunga kwa ubavu, kila jicho linaamka na kutoa ua. Kwa hiyo nikawa nalaza. Kamba nilizitoa kwenye sweta lile lililoachwa. Nililifumua lote, uzi kwa uzi, na uzi wa sufu ni mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu hauumizi gome. Wadudu mafuta walipokuja niliwanyunyizia maji ya sabuni na majivu. Julai, baridi ya Songea inapokata masikio, nilipogoa. Mikono yangu ilikuwa imechanika kama niliyepigana na paka, na nilipoenda kanisani nilikuwa naificha chini ya kanga.

Paa lilikuwa gumu zaidi. Bati linapata moto mchana na kuunguza machipukizi. Nikanunua mianzi, nikailaza juu ya bati kama kitanda, na matawi nikayapandisha juu ya mianzi. Fundi niliyemwita kunisaidia aliniuliza, "Mama, unataka lifike wapi?"

"Mpaka wenyewe wachoke," nikamwambia. Hakuelewa na sikumfafanulia.

Shemeji alikuwa anakuja kila baada ya mavuno. Kila mwaka wimbo uleule: shemeji, mwakani tutaangalia namna. Mwaka wa tatu akasimama mbele ya kibaraza, mikono mfukoni.

"Kichaka hiki kinaficha nyoka. Kikate."

"Nyoka wakija nitakuita," nikasema.

"Umekuwa jeuri siku hizi."

"Ni maua, shemeji. Si uliruhusu?"

Akaguna akaingia ndani kuangalia dari. Hakuligusa wala hakulitazama mara ya pili. Kwake lilikuwa pambo la mjane, kitu cha kumshughulisha mwanamke asiye na mtoto wa kubeba. Nilifurahi kwamba alilidharau hivyo.

Mwaka wa nne pesa za vito zikaanza kufika mjini kutoka Tunduru. Nyumba za watu zikawa zinauliziwa barabarani kama nyanya. Jumatano moja asubuhi nasukuma unga, geti likafunguliwa, akaingia shemeji na mama mkwe, na nyuma yao mzee mmoja mnene wa Tunduru mwenye kofia nyeupe na shanga za tasbihi mkononi. Shemeji hakunisalimia. Alikuwa anaonyesha nyumba.

"Vyumba vinne, mzee. Maji yapo karibu. Bati zote ni nzima."

Nikasimama na mikono yenye unga. Nikasema shikamoo kwa yule mgeni, kwa sababu yeye hakunikosea kitu.

"Marahaba, bibie. Wewe ndiye unayekaa hapa?"

"Ndiye mjane wa kaka yangu," shemeji akadakia. "Anahama mahindi yakikauka. Tumeshaelewana."

"Hatujaelewana," nikasema.

Mama mkwe akaangalia pembeni. Mgeni akaniangalia mimi, akamwangalia shemeji, akavuta shanga mbili tatu. Yule mzee alikuwa amekwisha kuungua mahali. Alisema, "Bwana mdogo, mimi nimenunua shamba la mikorosho kule kwetu, nikanunua na ugomvi wake, miaka mitano sasa nakwenda barazani. Hapa nataka kila kitu kiandikwe. Kama kuna mazao ya mtu, yaandikwe. Mwite bwana shamba na kiongozi wenu wa mtaa, ndipo tuongee."

Na shemeji, kwa haraka yake, akaenda kuwaita yeye mwenyewe. Alikimbia. Nilimwona akikata kona ya kanisa, shati limetoka kwenye suruali.

Walikuja mchana. Balozi na daftari lake, na bwana shamba wa kata, Mmatengo mfupi mwenye buti za mpira, aliyekulia kwenye kahawa kule Mbinga. Nusu ya mtaa ilikuwa imeegemea uzio wangu. Bwana shamba akazunguka kiwanja polepole, kalamu sikioni.

"Mahindi. Haya ni ya msimu, mama atavuna. Maharage, vivyo hivyo. Maboga, haya." Akafika kwenye kibaraza akasimama. Akachuchumaa, akasogeza majani, akalishika shina. "Na hili?"

"Hilo ni ua," shemeji akasema.

"Naona ni ua. Nauliza lina umri gani."

"Mwaka wa nne," nikajibu mimi.

"Unalipanda upya kila mwaka?"

"Hapana. Nalipogoa Julai."

Akainuka taratibu, akapangusa magoti. "Basi hili ni la kudumu."

"La kudumu vipi?" shemeji akapaza sauti. "Bwana, ni ua! La kunusa! Haliliwi, haliuzwi!"

"Sikuletwa hapa kunusa," bwana shamba akasema. "Kahawa tunapogoa, hatupandi upya. Hili analipogoa, halipandi upya. Chochote unachokipogoa badala ya kukipanda upya, sisi tunakiandika cha kudumu. Mama huyu kalilaza hata matawi, kazi safi hii. Naandika. Swali lililobaki si langu: alipanda kwa ruhusa au bila ruhusa?"

Wale wa uzioni wakanyoosha shingo. Balozi akalamba kidole, akafunua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi, na mimi nahesabu kurasa. Ikiwa panya wamekula ukurasa ule? Ikiwa aliandika mboga peke yake? Akafika. Akasoma kwa sauti ya kusomea waraka: mjane ameruhusiwa mazao ya msimu na maua. Akasoma na sahihi. Ya kwanza ilikuwa ya shemeji.

Hapo shemeji akapandwa na mori. Akachukua panga langu lililokuwa limeegemea ukuta wa jiko. "Basi nalikata! Nalikata sasa hivi tuone kudumu kwake!"

Nikasogea, nikampisha. Wallahi nilimpisha. Nikasema, "Kata, shemeji. Bwana shamba yupo, balozi yupo, mtaa mzima upo. Kata zao la mtu mbele ya mashahidi, halafu kesho tukutane kwa hakimu. Kata, basi!"

Akaingiza mkono wa kushoto kushika shina. Nilikwisha sema matawi nilikuwa nimeyalaza. Miiba ilikuwa inaangalia kila upande. Alipoutoa mkono ulikuwa unavuja damu kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko, na mkono wa shati ukabaki kule ndani. Jirani yangu wa upande wa chini, yule wa kuniuliza kama tunakula maua, akasema juu ya uzio bila hata kucheka, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Uzio mzima ukaangua kicheko. Panga likarudi ukutani.

Mzee wa Tunduru akanikaribia. "Bibie, nikuulize kwa heshima. Nikikupa kitu, utaling'oa uende nalo?"

Nilikuwa na njaa siku hizo. Nilikuwa na deni la unga dukani, na kandambili zangu nilikuwa nimezishona kwa waya. Nikamwangalia usoni nikamwambia, "Mzee wangu, silitoi. Na mimi sitoki."

Akatikisa kichwa, si kwa kukasirika. "Haya. Mimi nanunua nyumba, sinunui kesi." Akamwambia shemeji asalaam aleikum, akatoka na shanga zake. Bwana shamba akaniomba kijiti kimoja cha kupanda kwake. Nikamkatia vitatu.

Walipoondoka wote nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa chini kwenye majivu. Unga ulikuwa umekauka mikononi, na siku ile sikuuza andazi hata moja.

Shemeji alipeleka shauri baraza la kata mara mbili. Mara zote mbili alirudishiwa maneno ya bwana shamba na ukurasa wa balozi. Baada ya hapo akaacha kuja. Walionionea huruma walisema nimevunja ukoo kwa ajili ya ua. Niliwajibu kwamba ukoo ulionipa sweta bovu ulikuwa umevunjika siku nyingi, mimi niliukuta vipande.

Sasa niseme la mama mkwe. Yule mama, tangu nilipoolewa, hajawahi kubisha hodi nyumbani kwangu. Alikuwa akisukuma geti, anapita moja kwa moja mpaka jikoni, anafunua sufuria, anaonja, anatia chumvi. Nikilalamika kwa mume wangu, alisema muache, kwa mwanawe mtu habishi. Marehemu alipozikwa akazidi. Alikuwa anafungua hadi kabati langu la nguo. Katika yote waliyonifanyia, hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, maana kila alipoingia bila neno alikuwa ananiambia nyumba hii ni ya nani.

Siku moja Novemba, mkesha wa siku ya marehemu wote, watu wakiwa wanatafuta maua ya kupeleka makaburini, nilikuwa juu ya kigoda nafunga matawi. Waridi lilikuwa limechanua ovyo. Nikasikia sauti getini.

"Hodi."

Nilidhani ni mteja wa mandazi. Nikachungulia kati ya majani nikamwona mama mkwe, amesimama nje ya geti na kikapu chake, peke yake, vumbi la safari mpaka magotini. Geti lilikuwa wazi kabisa. Hakuingia.

Nikanyamaza. Si kwa ukatili, au labda kwa ukatili kidogo. Nilitaka nilisikie tena.

"Hodi hapa," akasema.

Mtu hupiga hodi tatu, asipoitikiwa huondoka. Alijua, nami nilijua. Nikashikilia uzi wa sufu mdomoni, nikangoja. Akahamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda huu. Halafu akaita mara ya tatu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Hodi kwako, mwanangu."

Nikautema uzi. "Karibu, mama," nikasema. "Pita ndani. Shikamoo."